Mahali pa Spika ya Tano

Hivi wewe, mwenye akili zako timamu, ungetoa pesa yako kununua seti ya spika tano huku ukiona kwa macho yako kwamba ziko nne?

Fortunato Callisaya alinunua. Alinunua Jumapili, mchana kweupe, katika soko la mji wa El Alto, juu milimani, ambalo siku hiyo humeza mitaa mizima, na watu wakamcheka mbele ya binti yake. Alikuwa fundi wa kupiga lipu, mtu wa miaka hamsini na kitu, chokaa haimtoki kuchani hata Krismasi. Kompyuta iliyokuwa nyumbani kwake haikuwa yake. Ilikuwa ya huyo binti, Wara, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeiunga mwenyewe kipande baada ya kipande kutoka soko hilohilo.

Lakini kabla ya spika kulikuwa na filimbi.

Kwao Sorapampa, kando ya ziwa, filimbi za matete hazipigwi na mtu mmoja. Wimbo mmoja hugawiwa watu wawili. Mwenye ira ana sauti hizi, mwenye arka ana zile zilizobaki. Huyu akipuliza, yule anavuta pumzi. Yule akijibu, huyu ananyamaza. Ukipiga peke yako huna wimbo, una mapengo. Na hao wawili husimama na wawili wengine, na wengine tena, mpaka duara linafungika, nyuso zote zikitazama ndani, kila mtu akisikia wenzake kuliani, kushotoni na mbele yake. Watazamaji wako nje. Duara halipigi kwa ajili yao.

Fortunato alikuwa arka. Ira wake tangu ujana alikuwa Hilarión Limachi, waliyehamia naye mjini, wakapanga vyumba katika ua mmoja, wakaanzisha kundi la watu wa kwao. Kisha Hilarión akaenda São Paulo kushona suruali katika chumba kisicho na dirisha. Mwingine akaenda Buenos Aires kubeba matofali. Wengine wakaenda Chile kuchuma zabibu za watu. Nani aliamua kwamba mtu wa milimani ni lazima avuke mpaka ili mwanawe avae viatu? Hakuna aliyeulizwa. Waliondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alichukua kipande chake cha wimbo kifuani.

Fortunato alibaki na mfuko wa filimbi, kwa sababu ndiye aliyekuwa kiongozi. Tangu Hilarión aondoke hakuwa ameufungua. Sasa kijiji kilikuwa kimemtumia ujumbe: kama kundi la mjini limekufa, aurudishe mfuko kwenye Sikukuu ya Msalaba, apewe mtu mwingine. Hawakuwa na ubaya. Lakini nyimbo za kundi lile hakuna mwingine aliyezijua, na mfuko ukirudi, basi. Alikuwa ameshaufunga kwa kamba, fundo gumu la fundi, akautundika nyuma ya mlango.

Wara ndiye aliyesema, "Baba, kabla hujaurudisha, waombe. Kila mtu atafute matete huko aliko, apige nusu yake, anitumie kwa simu. Mimi nitawakusanya."

"Watapigaje pamoja nao hawasikilizani?"

"Wewe piga ngoma. Ngoma yako nitawatumia wote, waisikilize masikioni wakipuliza."

Akapiga ngoma peke yake chumbani, akijiona mpumbavu. Wakajibu. Wa Buenos Aires alipuliza kwenye ngazi za jengo ambalo halijaisha. Mmoja alijifungia chooni, ndiko palikokuwa kimya. Hilarión aliomba samahani kwa kelele, na nyuma yake cherehani zikawa zinanguruma kama nyuki. Wara akawapanga wote juu ya ile ngoma, akawafungulia kwenye spika mbili ndogo za kompyuta.

Fortunato alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Ni kama watu wanaogombana nyuma ya ukuta."

"Nimewabana wote kwenye mlango mmoja, baba. Hawa wanataka kusimama pande zote."

Ndiyo sababu Jumapili ile walikuwa sokoni, upepo wa baridi ukiwapiga usoni, theluji ya mlima iking'aa juu ya mahema ya bluu.

Banda la kwanza lilikuwa la kijana mmoja aliyevaa kofia ya sufu na miwani ya jua. Seti yake ilikuwa mpya ndani ya boksi, nyeusi, inang'aa, na sabufa yake ilikuwa na taa zilizobadilika rangi kwa kufuata muziki. Fortunato alisimama akazitazama taa zile kama mtoto.

"Ona, mzee wangu, hii ukiwasha, jirani anahama!" alisema kijana. "Wati elfu moja na mia mbili!"

Wara aliigeuza sabufa, akatazama mgongoni. "Kaka, spika ni tano, mbona waya ya kuingiza sauti ni moja?"

"Moja inatosha. Na blutuzi ipo."

"Inatosha kuingiza sauti moja. Halafu inatoka ileile kwenye midomo mitano."

"Kwani wewe dada una masikio mangapi?"

Watu wakacheka. Fortunato naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya boksi. Zilikuwa nzuri, na mtu aliyepiga lipu nyumba za watu maisha yake yote ana haki ya kutamani kitu kinachong'aa. Wara akamshika kiwiko.

"Baba, mzee Hilarión atatoka kona zote nne kwa wakati mmoja. Unamtaka hivyo?"

"Hapana," alisema Fortunato. "Hilarión mmoja ananitosha."

Wakaenda wakikagua banda baada ya banda. Walikuta seti kamili zenye waya tatu, zinazoipa kila spika sauti yake, na bei zake zikawafanya washukuru na kuondoka. Mwishowe wakafika kwa mama mmoja mnene aliyekaa juu ya turubai katikati ya kibodi, feni na simu za zamani, sketi zake pana zimemzunguka, kikombe cha api, uji wa moto wa mahindi, mkononi. Jina lake mama Eufronia. Pembeni yake kulikuwa na sabufa ya mbao, kuukuu, imekwaruzika, na juu yake spika ndogo zimepangwa kama vifaranga. Wara akainama. Nyuma kulikuwa na waya tatu: ya kijani, nyeusi na ya machungwa. Kompyuta yake ilikuwa na matundu matatu ya rangi hizohizo. Akanyanyua uso, macho yamemtoka.

"Mama, zinafanya kazi?"

"Kasta wangu, mimi nikuuzie maiti? Chomeka mwenyewe."

Wakachomeka kwenye simu, waya moja baada ya nyingine. Kila spika ikaamka kwa zamu yake, sauti yake safi. Kisha Wara akahesabu. "Ya tano iko wapi?"

"Ya tano?" Mama Eufronia akanywa api yake. "Ya tano iliolewa, mwanangu. Ilikuja hivyohivyo bila hiyo. Ndiyo maana nakupa kwa bei ya kuona haya."

Muuzaji wa banda la jirani, mzee wa vitasa, akadakia, "Mzee, usikubali! Utaangalia filamu, watu wote wasikike ila yule anayeongea!"

"Wewe uza vitasa vyako visivyo na funguo!" mama Eufronia alimrudishia.

Wara alikuwa ameshanyong'onyea. Iliyokosekana ndiyo ya katikati, ile ya mbele, inayosimama baina ya mbili za mbele. Lakini Fortunato alikuwa amepiga magoti, anaigonga sabufa kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga ukuta wa mteja. Mbao ilijibu kwa sauti nzito. Akasema wanachukua, na watu wakacheka. Hata yeye hakuweza kueleza kwa nini. Walizivuta bei kidogo huku na huku, na mwisho mama Eufronia akatupa juu yake bunda la waya ndefu, nyongeza, kwa sababu zile za nyuma zilikuwa fupi.

"Nenda nazo, kasta wangu. Ukiipata ya tano, usiniletee, nilishaizoea haipo."

Jioni haikuwa imefika walipomaliza kuzifunga. Wara aliweka mbili mbele na mbili nyuma, sabufa chini ya meza, akavuta waya pembeni mwa kuta. Akamgawia kila mtu mahali pake: Hilarión mbele kushoto, wa Buenos Aires mbele kulia, wa Chile nyuma, wawili wawili. Ngoma akaipeleka kwenye sabufa. Kisha akaweka kiti katikati ya chumba, kama inavyoonyeshwa kwenye picha za maboksi, akamkalisha baba yake.

"Tayari?"

"Washa."

Akawasha. Mabega ya Fortunato yakapanda, mikono ikakamata kiti. Kabla wimbo haujafika nusu, akainua mkono.

"Zima. Zima, mwanangu."

"Nini? Sauti kubwa?"

"Wananipigia mimi." Alikuwa amebadilika uso. "Nimekaa katikati kama jeneza. Katikati hasimami mtu, Wara. Anaingia mlevi tu, naye hutolewa."

Wara akakaa chini sakafuni. Alikuwa na uchovu wa kukesha mbele ya mashine ile, na machozi yalikuwa karibu. Fortunato akasimama, akakitoa kiti. Akatazama chumba kitupu na zile spika nne zilizotazamana. Akatembea polepole kuelekea mbele, mgongo wake ukaikaribia meza ya kompyuta, mpaka akajikuta kati ya zile mbili za mbele, pale pasipokuwa na kitu, pale ambapo spika ya tano ingesimama kama ingekuwepo. Akageuka akatazama ndani.

"Washa tena," alisema.

Ngoma ilianza chini, kwenye nyayo. Alikuwa ameipiga yeye mwenyewe, na bado ilimshtua, kama kusikia mtu anakuita kwa jina lako mbele za watu. Kisha, kulia kwake, karibu na sikio kabisa, Hilarión akavuta pumzi.

Pumzi tu. Ile pumzi ya haraka ya puani, yenye mkwaruzo kidogo, aliyoisikia ubavuni mwake katika sikukuu zote za ujana wake. Kwenye zile spika mbili ndogo haikuwepo, ilikuwa imezama. Sasa ilikuwa hapa. Ira ikapulizwa, na baada yake likaja pengo. Kutoka ng'ambo ya chumba wa Chile wakajibizana, kushoto wa Buenos Aires akaingia, na duara likazunguka na kufika kwake, likakuta kimya, likapita. Likazunguka tena. Likakuta kimya tena. Fortunato alisimama mdomo wazi. Watu hawa walikuwa katika nchi tatu. Walikuwa wamepuliza chooni, kwenye ngazi, kati ya cherehani, kila mmoja kwa saa yake, hakuna aliyemsikia mwenzake. Na duara lilikuwa limesimama humu, katika chumba chenye kitanda na jiko, na kila walipomfikia walimwachia nafasi.

Hakumwambia Wara azime. Alikwenda nyuma ya mlango, akashusha mfuko, na fundo lilipomshinda akalikata kwa kisu cha jikoni. Akarudi mahali pake na arka mkononi. Akasubiri pumzi ya Hilarión. Akajibu.

Alikosea mara ya kwanza, midomo imekauka, matete yamekaa miaka bila mate. Mara ya pili akaingia. Wara, aliyekuwa sakafuni, alisimama bila kujua amesimama, akarudi nyuma mpaka ukutani, nje ya duara, kama inavyopasa. Baadaye alisema alihisi chumba kimekuwa kikubwa. Fortunato alipiga mpaka theluji ya mlima dirishani ikageuka nyekundu.

Asubuhi alikuwa uani akikoroga chokaa ya kazi aliposikia ngoma yake ikianza tena ndani. Akachungulia mlangoni. Mama Natividad, mke wa Hilarión, anayekaa chumba cha pili, alikuwa amesimama ndani ya chumba cha Fortunato na kofia kichwani, kama anayekwenda kanisani. Alikuwa amekunja aproni, na ndani yake mlijaa vipande vya karatasi za rangi, zile ambazo wanawake wa kwao huwamwagia wapigaji kichwani siku ya sikukuu.

"Yeye ni ipi?" alimuuliza Wara.

Wara akamwonyesha spika ya Hilarión.

Mama Natividad akaisogelea, akainamisha sikio. Akasikiliza mpaka pumzi ilipovutwa. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa mdomo uliofumba. "Nilimwambia aende kwa daktari wa pua," alisema. Akachota karatasi, akazimwaga juu ya spika ile taratibu, akaipangusa vumbi pembeni kwa kidole kama mtu anayemnyooshea mumewe kola. Kisha akaenda kwa wa Buenos Aires, naye akammwagia. Akaenda kwa wa Chile, wote, hakumruka hata mmoja, maana kumruka mpigaji ni kumtukana. Akalizunguka duara hadi akafika pale pasipokuwa na kitu. Akasimama, mkono umejaa, umeinuliwa hewani. Akaona mfuko uko wazi kitandani, na kamba iliyokatwa.

Bila kugeuka akasema, "Shemeji, unanichungulia mlangoni na mimi mkono umeshaniuma. Mahali pako ni hapa au si hapa?"

Fortunato akajipangusa chokaa kwenye suruali, akaingia, akasimama kati ya spika mbili. Akainamisha kichwa sana, kwa sababu mama Natividad ni mfupi.