Hatuangukii Mbali

Fundi wa nguo za watoto alikuwa na kifafa tangu utotoni, na sasa mimba yake ilikuwa kubwa. Alishonea chini, mkekani, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. "Kikija kinikute nimeshafika chini," aliwaambia wateja, nao wakacheka.

Vidonge vyake vilikaa kwenye kopo la vifungo. Hakutia uzi sindanoni kabla hajameza kimoja. Asubuhi moja akafungua kopo, akakuta vifungo vitupu.

"Mama, dawa zangu ziko wapi?"

Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia kazi, akakaza uso. "Nimezificha. Mjukuu wangu halishwi sumu."

Fundi alitaka kumjia juu, akajizuia. "Mama, dawa hii daktari alinibadilishia kabla sijashika mimba, kwa ajili ya huyu huyu. Nikiiacha ghafla nikaanguka, tutaanguka wote wawili."

Mama mkwe akanywea. Akaingiza mkono kifuani, akatoa vidonge na kumpa.

Tangu hapo fundi hana raha! Hajapangusa macho, mama mkwe yuko mlangoni na kikombe cha maji. "Meza nione. Inua ulimi."

Juzi mume, ambaye ni seremala, akaleta meza ya miguu mirefu aliyoichonga ya kumvalishia mtoto. Mama yake hakumruhusu hata kuvuka kizingiti.

"Irudishe ukaikate miguu," alisema. "Nyumba hii hatuangukii mbali."