Pengo kwenye Sikio la Kushoto

Nilipomaliza chuo nilirudi kijijini kwetu Quitunda na koleo ya kukatia masikio ya ng'ombe. Ng'ombe kwetu ni wachache, watu ni wa mihogo na samaki, lakini bibi yangu alikuwa nao wanne: majike wawili waliokwisha kutupa mimba, jike wa tatu aliyeletwa juzi kutoka Olumbi akiwa na mimba changa, na ndama dume aliyekataa kukua. Huyo ndama mama yake alimkataa, bibi akamlea kwa chupa ya soda.

Bibi alisema mimba zinatoka kwa jicho la watu. Mimi nilishuku virusi. Ndama akivipata tumboni mwa mama yake, kinga ya mwili wake huviona kama vya nyumbani, haivipigi vita. Huzaliwa navyo, na maisha yake yote huwaambukiza wenzake kwa mate na makamasi. Kipande cha sikio kikifika maabara, anajulikana.

Bibi huniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeviona hivyo virusi, mume wangu?"

"Havionekani kwa macho, bibi."

"Na jicho la watu je?"

Nikashika koleo, nikakata masikio. Wote wanne, ukingo wa chini wa sikio la kushoto, kipande kama kucha. Kisanduku cha barafu niliazima kwa muuza samaki wa Palma, kwa hiyo sampuli zilipanda gari la kwenda maabara, mji wa Pemba, zikinuka changu.

Jioni alipita jirani yetu, mzee wa kutoka bara, mtani wa bibi tangu walipohamishiwa hapa wakapewa nyumba zinazotazamana. Akawatazama ng'ombe, akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Hapa kwetu kila mwenye ng'ombe ana alama yake ya sikio. Ya bibi ni ncha ya kulia kukatwa. Ya mzee ni pengo moja, chini, kushoto. Chuoni hilo hawakunifundisha.

"Kikongwe wee, ng'ombe wangu wanafanya nini kwako?"

"Wachukue, kama una miguu ya kuwakimbiza."

Tangu hapo kila asubuhi alikuja kuuliza, "Ng'ombe wangu wameamkaje?" na kudai maziwa. Bibi alimjibu akamue mwenyewe.

Ujumbe wa maabara ulipoingia kwenye simu, majike watatu walikuwa salama, ndama positivo, anavyo. Sikuamini. Nikamwambia bibi huenda ni ugonjwa wa kupita tu, huenda nilichanganya namba. Tukamfunga peke yake nyuma ya jiko, mbali na yule mwenye mimba. Kila nilipogeuka bibi alikuwa amemfungulia.

"Analia," alisema.

"Ataiua mimba ya mwenzake, bibi."

"Hujajua bado. Wewe mwenyewe umesema hujajua."

Baada ya mwezi, muda ambao ugonjwa wa kupita huwa umekwisha, nilipeleka sampuli tena. Safari hii damu, masikio niliyaogopa. Positivo.

Nikamweleza bibi kwamba hatapona, kwamba lazima achinjwe, kwamba nyama yake haina ubaya kwa mtu. Alinisikiliza huku anaiosha ile chupa ya soda, ingawa ndama alishaacha kunyonya zamani.

Asubuhi mzee akaja na swali lake. Bibi alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na ndama, akamtia mzee kamba mkononi.

"Wako ni huyu. Tazama sikio."

Mzee, ambaye habari ya kuchinja alikuwa ameshaisikia, akanitazama mimi, kisha bibi.

"Mwezi na zaidi nadai wanne, unanipa kibeti?"

"Ndiye mnayefanana naye."

Mzee alimpitisha ndama njia ndefu, ya mashambani, ili asichinjwe karibu na bibi. Mchana akatuletea paja. Bibi alinipa nikaligawe kwa majirani, yeye akala muhogo.

Kesho yake mzee alisimama mlangoni mwa zizi. Majike wote watatu walikuwa bado na pengo lake.

"Ng'ombe wako wameamkaje?" aliuliza.

Bibi akamwambia alete kikombe, maziwa yapo, ila asizoee.