Ardhi Niliyomtengenezea Mama

Mama alikuwa hasikii vizuri, na mimi nilikuwa fundi redio mjini, pale Kambarage, mwenye majivuno kuliko akili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, betri zinatafutwa kwa tochi. Nikamtengenezea amplifaya ndogo ya kuchomeka kwenye redio yake, pamoja na hedifoni, asikilize matangazo ya vifo ya mchana. Dada yake alikuwa mgonjwa huko Ushirombo, na barua zilichelewa sana. Alichotaka mama ni hicho tu: likitokea la kutokea, asikie, awahi kuzika.

Kifaa kilitumia betri sita. Sauti hupanda na kushuka, kwa hiyo inahitaji mahali pa katikati pa kusimamia, na mahali hapo mafundi tunapaita ardhi. Ningeweza kuvuta waya kati ya betri tatu na tatu, mambo yakaisha. Lakini wapi, nilitaka kuonyesha ufundi. Nikaunga rizista mbili, vile vipande vya kupunguza umeme, kutoka chanya hadi hasi, na pale zinapokutana nikapata ardhi ya bandia. Nilipomweleza, mama alicheka.

"Ardhi gani hiyo isiyoota hata mtama?"

Sauti ilitoka safi kabisa. Tatizo, betri hazikumaliza wiki. Kila nilipokwenda kijijini kwake Samuye nilizikuta juani kwenye ungo, mama akizigeuza kama makopa ya mhogo ili zirudishe nguvu kidogo. Nikamwakia mama.

"Mayu, huzimi! Si nilikwambia ukimaliza uzime?"

"Nazima, ng'wanone. Naminya swichi, mwanangu, mpaka inalia ta!"

"Ungekuwa unazima, zisingeisha."

Nilimwambia hivyo mbele ya wake za kaka zangu, na mmoja akacheka. Naona aibu mpaka leo. Tangu siku ile mama akawa anasikiliza siku ya Jumapili tu, asije akaniudhi.

Dada yake alifariki katikati ya wiki. Ilitangazwa redioni siku mbili mfululizo, kwa jina la mumewe, ambalo majirani wa Samuye hawakulijua. Barua ilipofika, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Nilikwenda kumpa pole, nikambebea betri mpya. Nikazitia, swichi ikiwa imezimwa, nikaacha kifuniko wazi huku tukizungumza. Baadaye nilipogusa zile rizista, zilikuwa na joto. Swichi nilikuwa nimeiweka mbele ya rizista, si kati yake na betri. Ilikata sauti tu, na ardhi yangu ikaendelea kunywa betri mchana na usiku. Isitoshe, nilikuwa nimechagua rizista za kipimo kidogo mno, zinazopitisha umeme kama mfereji uliobomoka.

Mama alikuwa ameketi kando ya ungo wake.

"Labda kweli nilikuwa nasahau kuzima," alisema. "Uzee huu, ng'wanone, ndio ulioninyima kumzika dada yangu."

Kumwambia mama jambo ilibidi upaze sauti. Mimi nilisema chinichini, "Si wewe, mayu. Ni mimi," huku nikikaza skrubu za kifuniko. Hakusikia, na sikurudia.