Mlio wa Duara

Kwa miaka kumi na moja Apolonia alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha maigizo cha Katoro, lakini siku ile walipokwenda kuigiza Rwamgasa alikuwa amefura kwa hasira. Akida, kiongozi wa kikundi, alikuwa amenunua ngoma ya umeme yenye milio iliyorekodiwa, na alitaka duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, liporomoke katika igizo kwa kishindo cha radi.

"Duara haliporomoki hivyo," Apolonia alishamwambia mara tatu.

"Mama Boaz, watu wanataka kishindo. Wewe gonga tu."

Igizo lilipofika hapo, akagonga. Spika zikanguruma, na wachimbaji waliojaa uwanjani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama ndege imeanguka. Akida akamkodolea macho Apolonia, kana kwamba kosa ni lake.

Hapo hasira zikampanda kichwani. Akachomoa waya wa ngoma ile. Akachukua kibuyu chake chenye changarawe, akakiinamisha taratibu mbele ya maikrofoni, mawe yakateremka kidogo kidogo. Akatulia. Kisha akavunja kijiti kikavu, kama gogo la nguzo linapokatika, na mwisho akaipiga ngoma ya ngozi mara moja tu, kwa kiganja.

Hakuna aliyecheka. Waliokaa mbele walikuwa wamesimama na kurudi nyuma, bila kuambiana.

"Umejifunzia wapi hiyo?" Akida alinong'ona.

"Kaka yangu alikuwa chini siku duara lilipoporomoka. Mimi nilikuwa juu, nimeshika kamba," Apolonia alisema. "Miaka yote hii hujawahi kuniuliza."