Askari wa Ebeneza

Ebeneza Mwakalinga hakuwahi kunipa kitu cha bure kwenye sataranji. Alijifunza mchezo huo akiwa baharia wa meli za Itungi, akanifundisha mimi, Muksini, muuza vitenge wa Kyela mjini. Kwa miaka kumi na tisa alicheza kibahili, kila askari analindwa. Kete tulizochezea alizifinyanga mkewe, Rut, kwa udongo uleule wa vyungu vyake.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na neno likawa halimtoki. Mwezi wa nne wa ugonjwa, mdogo wake, Ambakisye, akatangaza kwamba akili ya kaka yake imekwisha, na kwamba Jumapili ukoo ungekaa kumkabidhi yeye shamba la kakao la Bujonde. Hakuna aliyembishia. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliamini.

Jumamosi nilikwenda na ubao, kumuaga zaidi kuliko kucheza. Ambakisye alikuwepo. Ebeneza, kwa mkono wa kushoto, akamsogeza askari aliye mbele ya mfalme. Nikajibu kwa wangu. Ndipo akamtoa askari wa pembeni ya yule wa kwanza, miraba miwili, akamweka mdomoni mwa askari wangu, hana mlinzi.

"Si unaona mwenyewe?" Ambakisye akasema.

Machozi yalinilenga. Nikamrudisha askari yule mahali pake, taratibu, kama unavyomfunga mtoto kifungo cha shati. Ebeneza akamsogeza tena palepale.

"Shemeji," Rut akaniambia kutoka mlangoni, "tangu lini mgeni akakataa anachopewa nyumba hii? Kula."

Nikamla askari yule. Kufikia hatua ya kumi, ngome yake ilikuwa imeshika njia aliyoiacha askari yule, na jasho linanitoka. Ya ishirini na mbili, mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia. Miezi minne alilala akitazama bati, sisi tukidhani hawazi kitu.

Ambakisye alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Kikao cha Jumapili hakikufanyika.

Mimi nilikuwa nacheka huku nalia. "Ndaga fijo, ndugu yangu," nikamshukuru kwa Kinyakyusa chake.

Hakucheka. Alimchukua askari wake niliyemla, akamweka ubaoni pale alipokuwa, kisha akamrudisha nyuma taratibu, vilevile nilivyofanya mimi. Akanitazama usoni mpaka nikainamisha kichwa, nikamwomba radhi.