Ugali wa Wakwe Katika Maikrowevu

Siku wakwe walipokuja Nyanchwa kumposa mjukuu wangu, nyumba ya mwanangu ilinuka sabuni, si chakula. Nikauliza, "Mmepika kweli?" Mke wake akanionyesha kisanduku chenye mlango wa kioo. "Mama, ugali wa wimbi niliusonga asubuhi. Maikrowevu itaupasha."

Kwetu mkwe hapewi ugali uliopoa. Akiuonja baridi anajua mmemdharau, na posa anairudisha kwao. Niliyasema hayo. Nani anisikize, mtu wa darasa la tatu?

Bonge zima, kubwa kama kichwa cha ndama, likaingizwa. Likazunguka mle kama bibi harusi anayeonyesha gauni, kisanduku kikalia ti!, likatoka likifuka. Likatiwa kwenye ekee, kikapu chetu cha ugali.

Nyanya ya kijana anayeposa, mama mwenye mdomo wake, akamega pembeni, akapuliza vidole. Akamega tena, katikati. Mkono ukasimama.

"Dada yangu, ugali huu umefunikwa blanketi tu. Tumboni umekufa."

Watu wake wakaondoa mikono kwenye ekee. Mjukuu wangu pale mlangoni akainama, machozi karibu.

Na mwanangu, badala ya kuona haya, akaanza kufundisha! Eti mle hamna moto. Kuna miale isiyoonekana, inatikisa maji yaliyomo kwenye chakula, maji yakitikisika ndiyo joto. Lakini kwa bonge nene miale huishia karibu na juu, kina cha pingili ya kidole hivi. Katikati panangoja joto lijikokote lenyewe. "Tungeukata vipande, Mama, tukauacha utulie kidogo..."

"Kumbe ulijua!" nikamkatiza. "Hiyo mashine yako ni mgeni wa kusalimia walio mlangoni kisha aende zake. Na wewe umekuwa wakili wake?"

Nikafunga leso kiunoni, nikawasha gesi. Maji yalipotokota nikasonga wimbi mpya mpaka mwiko ukalalamika. Hapo hakuna cha ti. Ugali ukiiva pua inakuambia, na bega pia.

Yule mama safari hii alichimba katikati moja kwa moja, kusudi. Ukamchoma. Akarusha tonge kutoka kiganja hiki hadi kile, akicheka.

"Aa! Sasa tumekaribishwa."

Akala, akala tena. Halafu akanawa mikono, akasogea kwenye kochi na kumwachia mjukuu wangu nafasi ubavuni pake. "Njoo hapa, mama. Mbona unasimama mlangoni kama jirani?"