Binti Yangu Aliomba Siku Kumi

Mimi sikulimaliza darasa la sita. Nilishuka Jeddah na begi moja, nikalala mtaa wa Karantina, watu tisa chumba kimoja, na leo nina mafundi kumi na wanne wa viyoyozi wanaonyamaza nikiingia. Nayasema haya ili ujue ni mtu gani aliyeambiwa na mtoto wake mwenyewe asiingilie.

Binti yangu anafanya kazi ya ofisi Olaya, Riyadh. Aliomba kusoma shahada ya pili vyuo viwili: kimoja hukohuko Riyadh, kingine hapa Jeddah, na hiki cha Jeddah ndicho akitakacho. Cha Riyadh kikatangulia kujibu: nafasi ipo, ada hakuna, jibu ndani ya wiki moja. Cha Jeddah kimya. Basi yeye akawaandikia wa Riyadh kuwaomba siku kumi zaidi.

Siku kumi! Viza yangu ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu Mombasa. Wakala alipompigia, akasema ngoja nifikirie. Mimi nikapeleka pasipoti kabla ya adhuhuri. Yule bado anafikiria.

"Mchagua nazi hupata koroma," nikamwambia binti kwenye simu.

"Koroma ukiliacha mnazini huwa nazi, baba."

"Wewe mnazi umeujulia wapi, na umekulia ghorofani kwa jasho langu?"

"Si kwako? Kila siku hadithi za minazi."

Nikamkatia. Sasa huku, karatasi ikikwama huendi ofisini. Unakwenda kwa kafili wako, yule Msaudi aliyekudhamini, naye anampigia mtu anayemjua, halas, yamekwisha. Wangu ni mzee wa heshima, tumetoka mbali. Nikamwendea, nikamwambia kwamba binti yangu amekubali nafasi ya Riyadh. Akampigia jamaa yake wa pale chuoni mbele yangu, kahawa haijapoa. Nilitoka pale nikijiona mwanamume.

Siku ya pili yake binti akapiga. Chuo kimemwandikia: tumearifiwa umekubali, kwa hiyo ombi la siku kumi limefungwa, thibitisha kabla ya kesho jioni, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Nani amewaambia?"

Nikamwambia nakuja Riyadh. Asubuhi nikapanda ndege. Nilimkuta saa yake ya chakula, kwenye mkahawa chini ya ofisi yao. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Hii si viza, baba. Nikitia sahihi, kisha Jeddah wakanichukua nikaenda, nitakuwa nimevunja neno. Nani alinifunza mtu havunji neno?"

"Mimi. Mimi niliyekulisha."

"Kunilisha ulinilisha. Kunisemea sikukutuma."

Mhudumu alikuwa amesimama na chai zetu, hajui aziweke wapi. Nilitamani kuipindua ile meza.

"Mpigie kafili wako," akasema. "Sasa hivi, nami nikisikia."

Nikapiga. Nikamweleza kuwa binti hajakubali bado. Mzee akauliza, "Kwa hiyo nilimwambia yule mtu uongo?"

"Si wewe. Mimi ndiye niliyekwambia uongo."

Miaka ishirini na mbili katika nchi hii sijamwambia mtu maneno hayo. Na binti yangu ananitazama mdomoni.

Mzee akampigia tena jamaa yake wa chuoni, na binti akaandika barua yake mwenyewe. Alasiri chuo kikampa hadi Jumapili. Si siku kumi, ni siku tano. Nikamuuliza, na hao wa Jeddah wasipojibu? Akasema atakubali Riyadh, na atakubali mwenyewe. Akarudi kazini, hata mkono hakunipa.

Nimerudi na hasira zangu. Nina hasira naye, na zaidi nina hasira na hawa wa Jeddah wanaowaning'iniza watoto wa watu. Jana nilikwenda kuegesha gari nje ya lango la chuo chao. Namjua fundi wa viyoyozi vyao, neno moja tu angenifikisha ndani. Nikakaa, injini inanguruma, mpaka mlinzi akaja akagonga kioo.

"Unamtaka nani, baba?"

Nikamwambia simtaki mtu, nikaondoka.